Msaada wa Windows 10 umekwisha: je, watu watabadilisha sistemu?



Katika namba iliyopita tuliahidi kuandika juu ya ordinateri za masomo yetu, kwa sababu wengi wamekuja kutuuliza neno moja: yale maandishi yanayotokea kwenye kioo, yanayosema ya kwamba msaada wa Windows 10 umekwisha, maana yake ni nini? Ndugu mmoja wa klase ya pili alifikiri kwamba ordinateri itazimika yenyewe usiku. Mwingine alisema mbele ya wote ya kwamba sasa dunia nzima italazimishwa kuchukua sistemu ingine. Sisi wa klase ya sita tulilichukua neno hili, tukalisoma, tukauliza watu, kiisha tukajaribu kwa mikono yetu. Na tuseme tangu mwanzo: tulipoanza tulikuwa upande wa yule wa pili. Tulifikiri watu watabadilisha. Sasa hatufikiri vile tena.

Kwanza tueleze maneno, kwa ajili ya wadogo wetu. Sistemu ni programu ile ya chini kabisa inayofanya ordinateri iamke. Bila sistemu, ordinateri ni sanduku tu. Sistemu ndiyo inapokea herufi unazopiga kwa klavye, inapanga mafaili, inaamuru imprimanti iandike. Word na Excel zinakaa juu yake, sawa watu wanaokaa ndani ya nyumba. Windows ni sistemu ya Microsoft, kampuni ya Marekani. Iko Linux, tutaisema mbele kidogo. Iko pia ile ya Apple, lakini hapa kwetu hatujaigusa, basi tuiache.

Na «msaada» ni nini? Sistemu imeandikwa na watu, nayo ina mamilioni ya mistari. Hakuna mtu anayeandika mistari mamilioni bila kukosa. Kila mwezi wanagundua tundu hapa na pale, mahali ambapo mwizi anaweza kupita, na Microsoft inatuma matengenezo ya kuziba zile tundu. Msaada ukiisha, nyumba haianguki. Lakini tundu itakayoonekana kesho haizibwi tena, na wezi wanajua kwamba haitazibwa.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Mwaka ule ule mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema hadharani kwamba itakuwa Windows ya mwisho, na watu wengi wakafikiri hawatasumbuliwa tena. Kiisha, tarehe 5 Oktoba 2021, Windows 11 ikatoka. Na tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa Windows 10 ukaisha. Kwa watu wa nyumbani Microsoft iliongeza mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026: mtu alipe dola 30, au atumie points 1000 za Microsoft, au akubali kuweka maandalizi ya ordinateri yake kwenye intaneti ya Microsoft. Watu wa Ulaya walipewa bila kulipa. Lakini kwa njia zote mtu anapaswa kuwa na konti ya Microsoft na kuingia kwenye intaneti.

Hapa ndipo neno linakuwa zito. Zamani, mtu aliyekuwa na ordinateri ya kale aliweza kuweka sistemu mpya ndani yake, hata kama ilitembea polepole. Windows 11 imefunga mlango huo. Inadai kipande kidogo cha ulinzi kinachoitwa TPM, cha aina ya 2.0, tena inadai prosesa ya miaka ya karibu: kama ni ya Intel, tangu kizazi cha nane, kile kilichoanza kutoka mwaka 2017. Ordinateri yenye prosesa ya kizazi cha tatu au cha nne, hata kama ni nzima, hata kama inaandika vizuri na kuhesabu vizuri, haikubaliwi. Na sasa fikirini wenyewe, ordinateri zinazofika kwetu zinatoka wapi? Nyingi zimekwisha kutumika Ulaya au Dubai, zimefanya kazi miaka mitano au sita katika biro za watu, kiisha zinapanda ndani ya kontena. Masomo yetu iko na ordinateri tisa. Tumezifungua zote na kusoma maandishi ya ndani. Moja tu inaweza kupokea Windows 11.

Basi, mtu wa kawaida atafanya nini? Tuangalie kwanza yaliyopita, kwa maana si mara ya kwanza.

Windows XP ilitoka mwaka 2001, na msaada wake ukaisha tarehe 8 Aprili 2014. Siku ile, nyuma ya miaka zaidi ya 12 na maonyo mengi, karibu robo ya ordinateri za dunia zilikuwa bado na XP. Hata serikali: ile ya Uingereza ililipa Microsoft pauni milioni 5 na nusu kusudi ipate matengenezo ya XP mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya maofisi yake. Serikali iko na mainjinia na feza, na hata yenyewe haikuwa tayari. Windows 7 nayo ilimaliza tarehe 14 Januari 2020, na watu waliendelea nayo. Tena angalieni: kutoka Julai 2015 hadi Julai 2016, Microsoft ilikuwa inatoa Windows 10 bure kwa wenye Windows 7 na 8.1. Bure kabisa! Na bado mamilioni hawakuichukua. Kwa hiyo tusiseme kwamba watu hawabadilishi juu ya feza tu.

Na mwezi wa Oktoba 2025, msaada wa Windows 10 ulipoisha, karibu ordinateri nne kwa kila kumi zenye Windows zilikuwa bado zinatumia sistemu ile.

Tuliuliza watu mjini, katika nyumba za sekretaria ambamo wanaandika barua na TFC za wanafunzi wa université. Jibu lilikuwa karibu moja mahali pote. Baba mmoja alituambia hivi: «Hii mashini yangu iko inatembea muzuri. Sasa mnataka niibadirishe juu ya nini? Mutu akija na flashi yake, mi naandika, natosha kartasi, analipa. Ile Oktoba yenu sikuiona.» Tulicheka, lakini tulipofika njiani tuliona kwamba amesema kweli kuliko vitabu. Hakuiona. Siku ya 14 Oktoba 2025 ilipita, na asubuhi yake kila kitu kilikuwa sawasawa na jana. Mtu anahama nyumba wakati mvua inamnyeshea kitandani, hahami kwa sababu fundi wa mbali ameandika barua kwamba hatakuja tena kuangalia mabati.

Sasa, mwalimu mmoja alitujibu: «Lakini mvua ilikwisha kunyesha!» Alikuwa anasema juu ya WannaCry. Ni haki yake, na tunataka kukaa kidogo hapa, kwa maana ndani ya habari hii tulijifunza kitu ambacho hatukukitarajia.

Tarehe 12 Mei 2017, virusi yenye jina lile iliingia ndani ya ordinateri zaidi ya laki mbili katika inchi zaidi ya 150. Ilifunga mafaili ya mtu, kiisha ikamdai dola 300 za bitcoin kusudi ifungue. Katika hospitali za Uingereza wagonjwa walirudishwa nyumbani, na hesabu ya serikali yao ilifikiri kwamba miadi zaidi ya 19.000 ilivunjwa. Watu wengi wanasimulia habari hii kama azabu ya wale waliobaki na XP. Sisi pia tulikuwa tumeandika vile katika karatasi yetu ya kwanza. Lakini sivyo! Ordinateri zilizoshikwa, sehemu kubwa sana zilikuwa za Windows 7, na katika mwaka 2017 Windows 7 ilikuwa bado na msaada. Matengenezo ya kuziba tundu ile yalikuwa yamekwisha kutoka mwezi wa Machi, miezi miwili mbele. Watu walikuwa na dawa ndani ya nyumba na hawakuinywa.

Tulipoona hivi tukarudi kwa ordinateri zetu tisa na kutafuta tarehe ya matengenezo ya mwisho katika kila moja. Wapendwa, tulipata haya. Namba 6 ilipokea matengenezo ya mwisho mwaka 2021. Namba 2, mwaka 2019. Namba 7 haikupokea hata moja tangu ilipofika hapa. Sababu zinajulikana: grupu inawashwa masaa mawili kwa siku, na mega ni bei. Matengenezo ya mwezi mmoja yanaweza kumaliza mega za juma nzima, basi mtu anafunga. Na tuseme neno lingine ambalo halipendezi: Windows nyingi zinazotembea mjini hazikununuliwa, ni nakala za flashi kwa flashi. Kwa namba 7 hatujui nani aliiweka, na siku ilipoletwa hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo kwetu msaada haukuisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ulikuwa umekwisha zamani, na hakuna aliyetuambia, kwa sababu ni sisi wenyewe tuliokuwa tumeufunga.

Na mvua kwetu inanyeshea njia ya flashi. Mnakumbuka mwisho wa periode ya pili, bulteni za klase ya tano zilipochelewa. Flashi ilikuwa imetoka sekretaria moja ya mjini, ikachomekwa katika ordinateri ya biro, na kila dosie ndani yake ikageuka njia ya mkato isiyofungua kitu. Mama Sekretere alifikiri kwamba points za wanafunzi wote zimepotea. Hakulala. Points hazikuwa zimepotea, virusi ilikuwa imezificha tu, lakini ilituchukua usiku mzima na taa ya pano kuzitafuta moja moja. Hapo ndipo mwalimu wa enformatiki alisema: «Jaribuni Linux.»

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa université ya Helsinki, inchi ya Finland. Alikuwa na miaka 21, mitatu tu zaidi ya sisi. Aliiandika, akaiweka wazi kusudi kila mtu aweze kuisoma, kuitengeneza na kuigawa. Leo iko katika namna nyingi, kama Ubuntu, Debian, Linux Mint. Hakuna leseni ya kununua, na kunakili flashi ile kwa ordinateri mia si wizi. Virusi za Windows, kama ile ya dosie zetu, hazitembei ndani yake, ingawa nayo inahitaji matengenezo, tusidanganyane. Na wengi wenu mnaitumia bila kujua: kila telefone ya Android ndani yake iko Linux.

Hili la telefone lilitufunza sana. Hakuna mtu aliyechagua Linux kwa telefone yake. Alichagua telefone, na Linux ilikuwa ndani. Mtu wa kawaida hachagui sistemu hata siku moja. Anachagua mashini, na anachagua mtu wa kumwita mashini ikikataa. Kama fundi wa karibu anajua Windows, mtu atakuwa wa Windows. Ndiyo sababu, ijapokuwa Linux ni ya bure tangu zaidi ya miaka 30, ni ordinateri chache tu za mezani, labda nne au tano kwa mia, zinazoitumia.

Lakini kuna makundi makubwa yaliyojaribu kuhama, na mifano miwili inafaa kuwekwa pamoja. Mji wa München, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamisha ordinateri za maofisi yake kwenda Linux. Ilichukua miaka karibu kumi, zikahama karibu 15.000. Kiisha mwaka 2017 washauri wa mji wakapiga kura kurudi Windows. Wanajeshi wa Gendarmerie ya Ufaransa nao walitoka Windows, na hawakurudi: makumi ya maelfu ya ordinateri zao zinatembea na namna yao wenyewe ya Ubuntu. Tofauti iko wapi? Siasa ya München ilikuwa na mambo yake, na hatutaki kuihukumu kutoka hapa. Tunachoona kwa Gendarmerie ni utaratibu. Mwaka 2005 waliacha Word na Excel na kuweka OpenOffice, lakini ndani ya Windows ile ile. Kiisha wakabadilisha programu ya intaneti na ya barua. Watu wakazoea. Sistemu yenyewe wakaanza kuibadilisha nyuma, tangu 2008. Gendarme aliyefungua ordinateri yake alikuta programu zile zile alizokwisha kuzoea. Sakafu ndiyo ilibadilishwa chini ya miguu yake, na viti vilikuwa mahali pao.

Tuongeze kwamba ile OpenOffice imewahi kusema Kiswahili: mwaka 2004, université ya Dar es Salaam, Tanzania, ilitoa namna yake iliyoitwa Jambo OpenOffice. Hapa kwetu wengi hawakuisikia, kwa maana sisi tunajifunza ordinateri kwa Kifaransa.

Basi tukajaribu. Kwa ruhusa ya Baba Prefe tuliweka Linux Mint ndani ya namba 4, ordinateri iliyokuwa inachukua dakika kumi kuamka. Faili lake ni karibu giga tatu. Tulilishusha mara moja mjini, tukalileta kwa flashi. Sasa namba 4 inaamka mbele hujamaliza kufungua daftari. Tulifurahi kama watoto, na tukamwita Mama Sekretere aje kuandika barua.

Mama alikaa, akaandika, akaandika vizuri. LibreOffice haikumsumbua. Hakuuliza hata mara moja sistemu ni gani. Kiisha akauliza: «Wanangu, Algerian yangu iko wapi?» Hatukuelewa. Kumbe ni herufi zile kubwa za mapambo anazotumia kwa brevet za wanafunzi tangu miaka. Katika Linux hazimo. Tulimwonyesha zingine nzuri. Akaziangalia kwa heshima, akasema: «Hapana. Wazazi watasema hii brevet si ya kweli.» Akarudi kwa ordinateri yake. Sisi tulikuwa tumejitayarisha kumjibu juu ya virusi, juu ya leseni, juu ya 14 Oktoba, na tulishindwa na herufi.

Kwa Ekonoma ilikuwa zito zaidi. Programu yake ya hesabu za minervali imefanywa kwa Windows tu, na ndani yake ziko hesabu za miaka sita. Imprimanti nayo ilikataa siku mbili nzima, kiisha ikakubali, na mpaka sasa hatuwezi kueleza kwa nini ilikubali. Wa klase ya kwanza tu ndio hawakuona shida. Wao hawakujua Windows, hivyo hawakuwa na kitu cha kuacha. Siku ya tatu walikuwa wanafundishana wenyewe kwa wenyewe.

Tulikutana na Baba Prefe, Ekonoma na mwalimu wa enformatiki, na haya ndiyo yaliyopangwa kwa mwaka huu wa masomo 2025–2026. Ordinateri ya Ekonoma inabaki na Windows 10 yake, lakini haitaingia tena kwenye intaneti, na hesabu zake zinanakiliwa kila mwisho wa juma kwenye diski inayofungwa ndani ya kabati. Namba 2, 6 na 7 zinapata Linux wakati wa konje ya Pasaka. Katika zingine zote, pamoja na ile ya Mama Sekretere, tunaweka LibreOffice ndani ya Windows, na Word inabaki pembeni yake, kusudi mikono izoee kwanza. Mwalimu mmoja hakukubali. Anasema wanafunzi watakaokwenda kutafuta kazi mjini wataulizwa Word, si kitu kingine. Hatukupata jibu la kumtosheleza, na tumeandika neno lake hapa kwa sababu ni neno la kweli.

Mpango wa Linux unatuhitaji sisi pia. Sisi wa klase ya sita tunakwenda kufanya Exetat, kiisha tunaondoka. Namba 4 ikikataa mwezi wa Septemba, Mama Sekretere atamwita nani? Kwa hiyo tunatafuta wanafunzi wanne wa klase ya tatu na ya nne, wavulana na wasichana, wa kukaa nasi na kujifunza kuweka sistemu, kutafuta dosie zilizofichwa, na kutuliza imprimanti. Waandike majina yao kwa doyen. Tunaanza siku ya tano, nyuma ya masomo. Grupu inawashwa saa nane hadi saa kumi. Kila mmoja alete flashi yake, na tangu sasa flashi zote, hata za walimu, zinapita kwanza kwa namba 4 mbele ya kuingia biro.

Juu ya herufi za Mama: tumepata karibu zinazofanana. Ameomba kuziona zikiwa zimetoka kwenye kartasi.